Kusimamishiwa si kufutiwa: maneno yangu kwa vikundi vya Tanga, yote kama yalivyo

Waliokuwepo Ngamiani Jumamosi wameshayasikia haya, naweka hapa kwa ajili ya waliokuwa baharini, waliokuwa na shughuli, na wale walionipigia simu usiku kuniuliza ulisema nini maana nimesimuliwa nusu nusu. Nimeandika kama nilivyoongea. Picha za projekta nimeziacha, hata siku yenyewe umeme ulizisumbua.

Assalaam alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Tanga mpo?

Wazee wangu, shehe wetu, mchungaji, mheshimiwa diwani, mama zangu wa vikundi, wavuvi wa Sahare, na nyie wa Kigombe mliopanda gari asubuhi asubuhi kuja kumsikiliza msaidizi wa kisheria tu wala si wakili, ahsanteni sana. Nimepewa nusu saa na mnanijua, kwa hiyo mwenyekiti ukiona nachelewa nivute shati.

Niwaulize. Nani humu ndani alishawahi kuambiwa "deni lako tumelisimamisha kwa muda"? Mikono juu. Haya. Nani aliambiwa "mwamba umefungwa, msivue hapo"? Eeh, wale pale wote. Nani aliambiwa biashara yake imesitishwa mpaka itakapotangazwa tena? Sasa abaki na mkono juu yule tu aliyepewa karatasi yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mnaona? Mikono imeshuka yote kama tumeambiwa tusali.

Basi hilo ndilo lililonileta. Sheria inaruhusu kusimamisha mambo kwa muda, kulipa deni, kuvua, kuuza, kumtoa mtu nyumbani, na mara nyingi ni jambo la heri, mtu apumue, samaki wapumue. Ila wakati wewe unapumua kuna kitu kingine kinaendelea kukimbia, na ukikijua mapema unakuwa umepona nusu.

Nianze na deni, maana ndilo linalotunyima usingizi.

Kuna mama lishe mmoja hapa mjini, sitamtaja wala sitaitaja taasisi iliyomkopesha. Mume kaumwa, biashara imelala, akaenda kwa afisa mikopo kajieleza, afisa mwenyewe kijana mwema tu akamwambia mama pumzika miezi mitatu, usilete marejesho, shughulikia mgonjwa. Mama karudi nyumbani anamuombea dua yule kijana. Miezi mitatu ikaisha, kijana kahamishwa tawi, anakuja mwingine na daftari lake, anamwambia mama wewe umekosa marejesho ya miezi mitatu, kuna riba, kuna faini ya kuchelewa, na riba yenyewe imeingizwa kwenye deni nayo inazaa riba. Mama anasema lakini nilisimamishiwa! Nani kakusimamishia? Iko wapi?

Iko wapi, ndugu zangu?

Msidhani ni ujinga wa mama yetu, nchi kubwa zimeingia humo humo. Mwaka 2020 wakati wa korona Benki Kuu ya India iliruhusu wakopaji wasilipe marejesho miezi mitatu kuanzia mwezi wa tatu, kisha wakaongeza mitatu mingine, ikafika mwisho wa mwezi wa nane. Watu wakashangilia. Baadaye ndo wanashtuka, marejesho yalisimama lakini riba haikusimama, na riba ile isiyolipwa ikaunganishwa na deni ikaanza kuzaa. Watu wakaenda mahakamani, wakapanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwezi wa tatu 2021 majaji wakasema riba ya kawaida ya kipindi kile inadaiwa, lakini riba juu ya riba hapana, asitozwe yeyote awe amekopa kidogo au kikubwa, na aliyeshatozwa arudishiwe.

Umeona hiyo mipaka? Mahakama haikusema deni limekufa wala riba imekufa, imekata pale riba inapozaa riba tu.

Tupige hesabu kidogo, mama zangu wa VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopeshana, hesabu mnaziweza kuliko mimi. Tuseme umekopa laki tano, riba asilimia 20 kwa mwezi, hizi kausha damu zetu. Umesimamishiwa miezi mitatu. Ikiwa riba inahesabiwa kwenye laki tano ile ile tu, kila mwezi laki moja, mwisho unadaiwa laki nane. Ikiwa riba inaingizwa kwenye deni kila mwezi, unadaiwa 864,000. Hizo 64,000 za juu zimetoka wapi? Zimetoka kwenye "pumzika mama". Na hapo hapo niseme, asilimia 20 kwa mwezi yenyewe ni kasheshe, Benki Kuu yetu ilishaweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa makampuni na watu binafsi wanaokopesha kwa leseni, sasa anayekutoza 20 muulize hiyo leseni kaiweka wapi. Nisiende huko, nitafukuzwa na mwenyekiti.

Hata serikali zinasimamishiwa. Kuanzia Mei 2020 mpaka Desemba 2021 nchi tajiri za G20 zilikubali kusitisha madai yao kwa nchi maskini, nchi 73 zilistahili, 48 zikajiunga na Tanzania yetu ikiwamo, na kwa jumla malipo ya dola bilioni 12.9 yakasogezwa mbele. Nimesema yakasogezwa, sikusema yakafutwa. Yale ya kufutiwa tuliyapata mwaka 2001 kwenye ule mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, ule ulikuwa msamaha kweli. Huu wa 2020 ulikuwa kusogeza, na masharti yakawekwa kwamba mkopeshaji asipate hasara, yaani muda alioupoteza utalipiwa.

Shehe yupo hapa atanisahihisha, Suratul Baqara aya ya 280 inazungumza mambo mawili na inayatenganisha. Mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka apate nafuu, hilo moja. Na kumsamehe kabisa iwe sadaka, hilo la pili, na hilo ndilo linalosifiwa kuwa bora zaidi. Sasa sisi tukipewa la kwanza tunarudi nyumbani tukipiga vigelegele vya la pili!

Kuna kisa kimoja cha deni kulala nakipenda sana na kinaanzia hapa hapa kwetu. Mnajua Novemba 1914 Waingereza walileta majeshi yao kutoka India wakashuka hapa Tanga, wakapigwa na Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck, makaburi mpaka leo yapo. Vita vikaisha Mjerumani kashindwa, mkataba wa Versailles wa 1919 ukambebesha fidia. Kalipa kwa kusuasua, kakopa ili alipe fidia, yaani mkopo wa kulipia mkopo, mnaujua huo mchezo nyie. Ikafika 1931 dunia nzima uchumi umeanguka, Rais wa Marekani Herbert Hoover tarehe 20 Juni akatangaza pendekezo, madeni ya vita baina ya serikali yasimame kwa mwaka mmoja. Kila mtu akafurahi isipokuwa Mfaransa, akasema subirini kwanza niangalie, akavuta wiki mbili na ushee. Alipokuja kukubali kuchelewa kumeshafanya kazi yake, maana watu walikuwa wanatoa hela kwenye mabenki ya Ujerumani, na tarehe 13 Julai benki moja kubwa, Danatbank, ikafunga milango.

Kwa hiyo kusimamisha deni kukichelewa ni kama kumletea mgonjwa dawa matangani.

Haijaisha. Mwaka uliofuata kule Lausanne fidia yenyewe wakaimaliza kwa vitendo, lakini ile mikopo iliyochukuliwa kulipia fidia ikabaki, Hitler akagoma kulipa, vita vingine vikaja, na mwaka 1953 wakakaa London wakapunguza madeni ya Ujerumani karibu nusu, wakakubaliana na sehemu ya riba za zamani ilale mpaka siku Ujerumani mbili zitakapoungana. Nani mwaka 1953 alifikiri zitaungana? Ilikuwa sawa na kusema nitakulipa Pangani ikihamia Korogwe. Zikaungana, 1990! Na deni likaamka, likaanza kudai, na malipo ya mwisho yakatoka tarehe 3 Oktoba 2010. Vijana mliomaliza darasa la saba mwaka huo, mlikuwa mnaimba nyimbo za kuagana wakati Mjerumani anamalizia mikopo ya vita vilivyopiganwa hapa Raskazone kabla babu zenu hawajaoa.

Deni lililolala ni deni hai. Nasema tena. Deni lililolala ni deni hai.

Haya tuje kwenye tarehe.

Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ina kitu kinaitwa zuio la muda. Unagombania kiwanja na mtu, kesi inaendelea, unaomba mahakama imzuie asijenge wala asiuze mpaka kesi ijulikane. Mnajua sheria inasemaje? Amri ya 37. Zuio lisizidi miezi sita. Ukitaka liongezwe uombe tena na ueleze bidii uliyofanya kesi isonge, na kwa jumla lote lisizidi mwaka mmoja. Ni sheria yenyewe imejifunga mikono hapo, kwa sababu waliotunga wanajua mwanadamu akipewa zuio lisilo na mwisho analifanya hati miliki.

Sasa linganisheni na mengine. Katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa. Sheria ya vyama vya siasa haikuguswa, haki ya kufanya mkutano kwa kutoa taarifa polisi ilibaki imeandikwa vile vile, lilikuwa ni agizo. Halikuwa na tarehe ya kuisha. Likaja kuondolewa na Rais Samia tarehe 3 Januari 2023. Zaidi ya miaka sita! Sizungumzi siasa hapa, mheshimiwa diwani tulia, nazungumza tarehe. Na lilipoondolewa liliondolewaje? Kwa tamko, kama lilivyoingia. Kitu kikiingia kwa mdomo kinatoka kwa mdomo, na siku mdomo unapojisikia.

Mwaka huo huo wa 2016 walikamatwa tumbiri 61 uwanja wa ndege wa Kilimanjaro wakitaka kupelekwa Albania, serikali ikasitisha biashara ya kusafirisha wanyama hai, ikasemwa miaka mitatu. Na milima yetu ya Usambara vinyonga wake wanajulikana dunia nzima kwa wafugaji wa vinyonga, kwa hiyo hili liligusa mpaka watu wa huku. Miaka mitatu ikapita, kimya. Juni 2022 likatoka tangazo kwamba wenye mifugo iliyobaki wanaruhusiwa miezi sita wasafirishe, kelele zikapigwa, siku iliyofuata ruhusa yenyewe ikasimamishwa. Fikirieni, zuio likasitishwa halafu usitishaji ukasitishwa! Mtu alikuwa na mijusi kwenye mabanda anailisha tangu 2016, alale vipi?

Sisi mji wetu una msemo, waja leo waondoka leo. Wageni tunawatania hivyo wakati tunajua hawaondoki, wataoa. Na haya mazuio yasiyo na tarehe ndiyo hivyo, yakija yanaambiwa ni ya leo tu.

Wala si Tanzania peke yake. Nyangumi. Hawa wanaopita baharini kwetu kipindi cha kusi kutoka kule kwenye baridi, wavuvi mnawaona. Mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga kura kusimamisha uvuvi wa biashara, ukaanza kusimama msimu wa 1985 na 1986, na ikaandikwa kwamba ifikapo 1990 waangalie tena hali ikoje. Mpaka leo umesimama. Mimi nafurahi, nyangumi wamepona, wale wenye nundu wameongezeka sana. Lakini Norway ilikuwa imeweka pingamizi tangu mwanzo kwa hiyo kisheria haikubanwa, ikarudi kuvua kibiashara 1993. Iceland ikajitoa, ikarudi na sharti lake mkononi. Japani ikavumilia weee, mwisho 2019 ikajitoa kwenye tume, kesho yake tarehe 1 Julai meli zikatoka. Zuio la kweli linalosaidia, na bado kutokufunga hesabu yake kumelitoboa mashimo.

Na kuna lingine zito, nalisema haraka. Hapa nchini mtu wa mwisho kunyongwa ilikuwa 1994. Toka hapo hakuna aliyenyongwa, lakini sheria ya kunyonga ipo, majaji wanaendelea kuhukumu maana kwa kosa la mauaji ya kukusudia hawana adhabu nyingine. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema 2019 kwamba kumlazimisha jaji hivyo ni kuvunja haki ya kuishi. Hakuna karatasi inayosema kunyonga kumesimamishwa. Kuna Rais kutokutia saini hati ya kunyonga tu. Kuna watu wanaamka kila asubuhi juu ya saini isiyotiwa.

Mwenyekiti ananiangalia. Nakuja kwa wavuvi, nyie ndo nimewawekea muda mwingi ingawa naona nimeshaula.

Kufunga mwamba. Nani humu anapinga kufunga mwamba kwa ajili ya pweza? Msiogope. Yule mama. Na yule. Sawa, sababu zenu nitazisema.

Kufunga kwenyewe kuna akili. Pweza anakua haraka mno, anaishi mwaka hivi na kidogo, jike likishataga linakaa na mayai halili mpaka yaanguliwe halafu linakufa. Kwa hiyo ukimuacha miezi miwili mitatu unamkuta ni mwingine kabisa, si kama chewa ambaye utamngoja miaka. Wenzetu wa Madagaska kijiji cha Andavadoaka walianza 2004, wakaona faida, vijiji vingine vikaiga, wakaja watu wa Kisiwa Panza kule Pemba nao wakafanya, na mwambao wetu umefuata. Ni kufunga kwa muda mfupi, kwa tarehe, na siku ya kufungua inajulikana tangu siku ya kufunga. Mimi hapo nasifu.

Lakini nani anafunga na nani anafungiwa? Kwenye mkutano wa kijiji wanaonyoosha mikono wengi ni wanaume wenye ngalawa na mashua, ambao mwamba ukifungwa wao wanakwenda mbele kwenye maji makubwa. Anayebaki ni mama anayengoja bamvua, maji yatoke, aende kwa miguu na mtaimbo wake kuchokoa pweza wa kulisha watoto. Yeye hana mbele. Mwamba ndio shamba lake lote. Halafu siku ya kufungua wanakuja watu hata wasiojulikana, kila mmoja na ndoo, pweza wanajaa siku moja, mchuuzi anashusha bei, yule mama aliyefunga mdomo miezi mitatu anarudi na wawili wa bei ya kutupa. Ndio sababu yake ya kupinga. Hapingi samaki kupumzika! Anauliza mimi nitakula nini wakati samaki wanapumzika.

Ziwa Tanganyika walifunga kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, nchi nne zilikuwa zimekubaliana, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, ili dagaa na migebuka wazaliane. Miezi mitatu yenye tarehe, safi. Ila swali lile lile, mwenye mtumbwi ana mbao za kuuza, je baharia wake anayelipwa kwa mgao wa usiku?

Na kuna namna nyingine, meli kubwa za kuvua kamba, hawa wa kuliwa. Zilisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu kamba walikuwa wameisha, kuanzia huku Saadani mpaka Rufiji na Kilwa, lakini wavuvi wadogo wakaachwa waendelee. Ile naiona ilikuwa na haki ndani yake, aliyebeba mzigo ni aliyekuwa na mgongo mpana.

Kwa hiyo kikundi chenu mkitaka kufunga mwamba, mimi ningependa kabla ya kupiga kura muite kina mama wa mtaimbo waseme kwanza, muandike nani ataingia siku ya kufungua na kwa zamu gani, na kama mna mfuko wa kikundi mkopo wa miezi ile uwe wao kwanza, bila riba kama mnaweza. Mnaweza. VICOBA tatu humu ndani zinaweza, nazijua daftari zenu.

Na nyie wa mikopo, ukitaka kusimamishiwa usiende na mdomo. Barua. Tarehe unayoanza kupumzika, tarehe unayorudi, riba inaendelea au haiendelei, ikiendelea inahesabiwa kwenye deni la mwanzo tu au inaingizwa, na faini ya kuchelewa haitakuwepo. Wasaini, wagonge muhuri, ubaki na nakala. Wakikataa kuandika ujue hujasimamishiwa, lipa hata kidogo na udai risiti. Na kama umeweka nyumba rehani na umeshaletewa notisi ya kushindwa kulipa, usikae nayo kabatini, sheria ya ardhi inakupa siku 60 tangu uipokee kabla hawajachukua hatua, ndizo siku za kukimbia kuomba mpango mpya. Dalali akishabandika tangazo unakuwa unaongea na mtu mwingine.

Hapo nikakaa, yakaja maswali. Naweka moja tu, la mzee wa Kigombe, maana wengi mmeniuliza hilo hilo. Aliuliza hivi: mwenyekiti wetu kapita na spika kasema mwamba umefungwa, mimi nikivua nafungwa?

Nikamjibu, mzee wangu, spika si sheria. Kigombe ni kijiji na iko Muheza, kwa hiyo halmashauri ya kijiji inapendekeza sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, halafu inakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa, ikishaidhinishwa ndo inauma. BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwambao, wao wanasimamia, hawaitungi peke yao. Sahare nyie mko jijini, hamna mkutano mkuu wa kijiji, sheria ndogo zenu zinatoka Halmashauri ya Jiji, kwa hiyo msiige karatasi ya Kigombe mkabadilisha jina. Nenda ofisini, uliza namba ya sheria ndogo na tarehe ya kufungua. Ikiwepo, iheshimu hata kama huipendi, na ukitaka ibadilishwe lipeleke kwenye mkutano. Isipokuwepo, rudi umwambie mwenyekiti aitishe mkutano, na mzee, siku hiyo nenda na mkeo.